Mwili umeshafika, picha bado iko njiani: tufanyeje na onyesho letu la neti?

Nyota_wa_Juu, Kisumu

Hamjambo wadau. Nimekuwa nikisoma humu kimyakimya muda mrefu. Leo naandika kwa sababu mimi na mwenzangu tumekosana mara ya tatu kwa jambo lilelile, na tangu Jumapili hata chai hatunywi pamoja.

Tuko wawili tu. Mimi ni mwanasarakasi. Nilianza darasa la sita kwenye ukumbi wa jamii, nikawa yule wa kupandishwa juu kabisa ya mnara wa watu kwa sababu nilikuwa mwepesi kama omena mkavu. Baadaye nikaongeza dansi, halafu kitambaa cha kupandia. Mwenzangu hutengeneza simu mjini, kwenye kibanda ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na usiku huandika programu. Tulijuana nilipompelekea simu niliyoiangukia nikisimama kwa mikono. (Si mume wangu. Nasema mapema kwa sababu hata mama yake huniuliza.)

Onyesho lenyewe ni hili. Katikati ya godauni tunaning'iniza chumba cha neti, mita tatu kila upande, na mimi niko ndani. Projekta inamwaga picha juu ya neti: mistari, matone, na zaidi ya yote magugu maji, yale ya ziwani, yanayosogea taratibu kama yana nia. Kando kuna kihisi cha Kinect, kile cha Xbox 360, alichokinunua kwa jamaa wa Kondele aliyekuwa anafunga kibanda cha michezo ya video. Kihisi kinanitazama. Nikinyoosha mkono magugu yanafunguka, nikiruka yanatawanyika, nikilala yananifunika. Hadithi ni ya msichana anayengoja mashua ya babake iliyozingirwa na magugu. Injini anaisikia, mashua haioni. Aliyewahi kuamkia ufuo wa Dunga baada ya usiku wa upepo anajua ninachosema: jana maji yalikuwa wazi, leo ni shamba la kijani tupu na watu wako upande wa pili.

Watazamaji hawakupaswa kukaa. Wangeingia gizani kwa mlango mdogo, waizunguke neti wakinifuata, huyu anione mgongo yule anione uso, halafu katikati ya hadithi niwafungulie waingie ndani na magugu yawapande wao pia. Hayo ni ya kwenye daftari.

Ya kwenye godauni ni haya. Tulikodi siku moja tukafanya maonyesho mawili, saa kumi jioni na saa mbili usiku. Saa kumi, picha zilirukaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Nimesimama tuli, magugu yanatetemeka kwenye kona ambako hakuna mtu. Mara kihisi kikaamua nina mikono minne. Mama mmoja akasema kwa sauti kwamba hapa pana majini, akabeba mkoba wake. Saa mbili usiku, mashine zilezile, programu ileile, kila kitu kimetulia. Mwenzangu anasema ile ya kwanza nilikuwa na wasiwasi nikacheza ovyo. Mimi nasema programu yake ina kasoro. Huo ni ugomvi nambari moja.

Hata hiyo ya usiku ilikuwa na kidonda. Nikirusha mkono, picha inakuja nyuma. Si sana, ni kufumba na kufumbua, lakini kwenye sarakasi kufumba na kufumbua ndiko watu wanakovunjika shingo. Nikizunguka kwa kasi, magugu yanafunguka pale nilipokuwa, si pale nilipo. Nikajikuta nacheza polepole ili kompyuta inifikie, kama mtu anayemsindikiza nyanyake sokoni.

Mwenzangu anataka tukope 60,000 kwenye chama cha akiba, tununue kihisi kipya na laptopu yenye nguvu. Mimi nasema picha zote tuzirekodi ziwe video, niikariri, nicheze nayo. Nimekariri minara ya watu tisa, nitashindwa na video ya nusu saa? Anasema basi tuuze tiketi za sinema. Ugomvi nambari mbili, na huo ndio ulioondoa chai.

La tatu si ugomvi, ni aibu. Mzee mwenye godauni, kwa wema wake, alileta viti 50 vya plastiki akavipanga safu safi mbele ya neti wakati mimi najipaka rangi. Watu wakaingia, wakaona viti, wakakaa. Nilipofungua neti hakuna aliyeinuka. Nimenyoosha mkono, nimetabasamu, nimesubiri mpaka tabasamu likaanza kuuma. Mwishowe akaja mtoto wa miaka kama sita, akaingia, akaanza kuyakimbiza magugu. Mamake akaja akamshika sikio akamrudisha kitini.

Hesabu: watu 64 kwa maonyesho yote mawili, kiingilio shilingi 200, jumla 12,800. Godauni 6,000, projekta 2,500, spika 1,600, mafuta ya jenereta 1,400, mabango 900. Tulibaki na 400. Tuligawana mia mbili mbili. Neti sikuzihesabu kwa sababu ni zile za bure za kliniki, mbili zangu, mbili za dada yangu, nyingine niliomba kwa majirani.

Kumbe na hizo zina neno. Usiku ule mikono na shingo viliniwasha mpaka alfajiri, wala sikuanguka popote.

Basi niambieni. Tukope au tusikope? Mwili uifuate kompyuta, au kompyuta iufuate mwili? Na mtu wa Kisumu anainuliwaje kwenye kiti? Awamu ijayo nafikiria kupanda juu kwa kitambaa, nikifunge kwenye boriti ya paa, na kumalizia kwa limbo ya moto, kupita chini ya ufito unaowaka, kama zamani. Hiyo angalau najua watu huamka.

---

Waya_Moja, Nakuru

Dada, pole na hongera kwa pamoja. Mimi hufunga taa na sauti hapa Nakuru, Jumamosi harusini, Jumapili kanisani, katikati ya wiki popote panapoita.

Ugomvi nambari moja ufuteni leo. Hakuna mwenye kosa. Naweka dau kwamba paa la hiyo godauni lina matundu. Kihisi hicho hakioni kama jicho. Kinatawanya vidoti vya mwanga wa infraredi, ule tusiouona, kisha kinasoma jinsi vidoti vilivyotandaa juu ya mwili ili kijue uko umbali gani. Jua nalo limejaa mwanga huohuo. Saa kumi jioni linaingia kwa mshazari, linapita kwenye matundu ya mabati, linatua sakafuni, vidoti vinamezwa na kihisi kinaanza kubahatisha. Ndipo unapoota mikono minne. Ziba matundu kwa nailoni nyeusi, au usianze kabla ya saa moja usiku. Hapo mlipo karibu na ikweta jua halina tabia ya kubadilisha ratiba, mtapanga mwaka mzima. Na kama kihisi kiko nje kinakutazama kupitia neti, kiingize ndani, chini kwenye kona, kisiwe karibu nawe sana.

Kuchelewa ni jambo jingine. Hapo kuna watu wanne wanaopokezana mzigo: kamera ya kihisi inayopiga picha 30 kwa sekunde, programu inayolainisha mtikisiko, laptopu inayochora, na projekta inayotafakari kabla ya kuonyesha. Kila mmoja anakata chake. Pimeni badala ya kubishana. Washa kamera ya simu ile ya mwendo wa taratibu, fremu (yaani picha) 240 kwa sekunde, jirekodi ukipiga makofi, kisha hesabu fremu kati ya mkono na picha. Zikifika 40, umechelewa sehemu ya sita ya sekunde. Halafu zima ile kazi ya projekta ya kujinyooshea picha iliyopinda. Iweke yenyewe sawasawa, kwa matofali ikibidi. Ikiwa na hali ya michezo ya video, iwashe. Mwambie mwenzako apunguze kulainisha kwenye programu, bora picha itikisike kidogo kuliko ilale. Mtapunguza sana, lakini kuimaliza kabisa hamtaimaliza, hata mkikopa laki tatu. Kwa hiyo msikope. Microsoft wenyewe waliacha kutengeneza Kinect ya Xbox mwaka 2017. Ukinunua kipya ni cha kampuni nyingine, na programu yote aiandike upya.

La mwisho: mwanga mwingi unapita kwenye neti na kuangukia ukuta wa nyuma, watu wanaona magugu mara mbili. Pandisha projekta juu ipige kwa kuinama, mabaki yatue sakafuni. Nyuma weka kitambaa cheusi.

---

Ja_Dunga

Omera, Kisumu ukimpangia mtu viti vya plastiki kwa safu anajua ni matanga. Sasa anangoja MC, kwaya, hotuba ya MCA wa wadi, halafu chakula. Na wewe unamwita aingie kwenye neti! Ashukuriwe Mungu hawakuchanga rambirambi.

---

Nyota_wa_Juu

Waya_Moja, hayo mabati ni chujio la chai. Nimemtumia mwenzangu ujumbe wako bila kuongeza neno. Amejibu kwa kidole gumba. Kwetu hayo ni maendeleo.

Ja_Dunga, walichanga. Kuna aliyeacha hamsini juu ya kiti.

---

Mzee_wa_Mnara, Nairobi

Binti yangu, wenzangu wamekujibu mambo ya mashine. Mimi nimekwama kwenye maneno mawili uliyoyapitia kana kwamba unataja kikombe na sahani: boriti ya paa, na moto.

Nilikuwa mtu wa chini kwenye mnara kwa miaka mingi, mabega yangu yanakumbuka. Nilipofanya mazoezi Ngara, kwenye jumba la Sarakasi ambalo zamani lilikuwa sinema ya Shan, tabia niliyoipata kwanza haikuwa kuruka. Ilikuwa kuinua macho: nini kimeshika nini. Boriti ya godauni iliwekwa ibebe mabati na upepo. Wewe, tuseme una kilo 55. Ukining'inia kimya inabeba 55. Ukijiachia na kitambaa kikakudaka ghafla, inabeba uzito huo mara kadhaa kwa nukta moja, na chuma kilichooza ndani ya kiungo hungoja nukta hiyohiyo. Tengenezeni miguu ya bomba inayojisimamia, mchoro uukague mtu aliyesomea mambo ya mizigo, si fundi wa kuchomelea peke yake. Kisha tundikeni magunia ya mchanga mazito kuliko wewe mara kadhaa, yalale hapo usiku kucha. Gunia likianguka hakuna mama wa kupigiwa simu. Kama hilo hamliwezi sasa, chezea chini. Hakuna aliyelipa 200 kuona paa.

Moto hapana. Neti ni plastiki, haiungui ikawa jivu, inayeyuka ikashika ngozi. Na umesema watu wako gizani, mlango mmoja, mdogo! Kabla ya jambo lolote fungua mlango wa pili na umweke mtu mwenye tochi.

Kuwashwa kwako ni dawa ya neti. Neti mpya ya kliniki hutakiwa kuanikwa kivulini siku nzima kabla ya kulaliwa. Wewe umeipasua pakiti, ukajisugua nayo ukiwa na jasho. Zirudishie wenyewe, kuna mtoto analala bila. Nenda kwa wapambaji wa harusi ukodi kitambaa cha shela. Ni cheupe, ni chepesi, na kinashika mwanga vizuri kuliko neti.

---

Nyar_Alego, Lyon

Nyamera, nimesoma nikacheka peke yangu kwenye treni. Niko huku kimasomo, na mji huu ndio wenye kundi la Adrien Mondot na Claire Bardainne. Wawili, kama nyinyi. Adrien ni mtu wa kompyuta ambaye pia ni mchezaji wa sarakasi, wale wa kurusha mipira na kuidaka. Alianzisha kundi mwaka 2004. Claire ni msanii wa picha na mpangaji wa jukwaa, akaingia 2011, na tangu hapo jina la kundi ni la wote wawili. Mwaka 2014 walifanya Pixel pamoja na Mourad Merzouki wa dansi ya hip hop. Lakini inayokuhusu wewe ni Hakanaï ya 2013: mcheza dansi mmoja ndani ya mchemraba wa kitambaa chepesi, picha juu yake, watu wamezunguka pande zote. Ndiyo neti yako, ila yao haina magugu.

Mambo mawili nakutolea humo. Moja, picha zao haziachiwi mashine peke yake. Kuna mtu anaziendesha palepale, kama mpiga kinanda anayemfuata mwimbaji. Programu wanaandika wenyewe, ila mkono wa mtu uko ndani yake. Kwa hiyo swali lako la nani amfuate nani, kwao lina mtu wa tatu katikati, au tuseme wa pili, maana ni huyohuyo mwenzako.

Pili, dansi ikiisha ndipo watu huruhusiwa kuingia kwenye mchemraba na kuzichezea picha kwa miili yao. Ikiisha. Wewe uliwaita hadithi ikiendelea, na mtu aliyelelewa vizuri haingilii mtu anayezungumza. Yule mama aliyemshika mwanawe sikio alikuwa anakuheshimu.

---

Waya_Moja, Nakuru

Nyar_Alego, sikatai, lakini hao wana ukumbi, mafundi na pesa za serikali. Huku mtu anagawana mia mbili mbili.

---

Nyar_Alego, Lyon

Kweli kabisa. Ila vidole kumi vya jamaa wa simu ni bure, na vinajua kufungua skrubu ndogo kuliko punje ya mtama.

---

Mwalimu_wa_Drama, Kakamega

Nimefundisha drama ya shule miaka 17, sasa nina ukumbi wenye viti vilivyofungwa sakafuni kwa nati, kwa hiyo nakuonea wivu godauni.

Hili la watazamaji kuwa ndani ya mchezo tusiuziwe kama kitu cha ng'ambo. Njoo huku kwetu Khayega au Malinya asubuhi ya ng'ombe wa kupigana. Nani anakaa? Watu wanatembea na fahali tangu boma lake, wana matawi, wana filimbi, wanakimbia mbele yake na nyuma yake, na ng'ombe akigeuka watazamaji ndio wanaotafuta njia. Isukuti, ngoma yetu ya huku Kakamega, vilevile. UNESCO waliiandikisha mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na ukiangalia inavyochezwa utaona hakuna mstari kati ya mchezaji na mgeni. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, baragumu ya pembe, njuga, na mtu anayeongoza wimbo. Ukisimama karibu dakika tano, bega lako limeshajiunga bila kukuomba.

Na bega ndilo ninalotaka kukuambia. Nilikulia kwa mjomba aliyepiga ile kubwa. Siku moja nilimuuliza anawezaje kumfuata mchezaji kwa kasi ile. Akaniambia hamfuati. Akimfuata atachelewa siku zote, maana mpaka mguu utue, asikie, apige, mguu umeshaondoka. Anatazama bega. Bega husema kabla ya mguu.

Sasa nikuulize wewe, Nyota. Onyesho likiendelea, mwenzako yuko wapi? Na anatazama nini?

Kuhusu viti: usiviweke. Weka benchi moja ukutani kwa wazee na wajawazito. Tafuta vijana wawili wa ngoma wawapokee watu nje barabarani waingie nao wakitembea. Mtu aliyeingia kwa kufuata sauti hakumbuki kutafuta pa kukaa.

---

Nyota_wa_Juu

Wadau, nimerudi. Ni wiki tatu kasoro.

Mwalimu, swali lako nililisoma nikanyamaza. Mwenzangu alikuwa nyuma ya pazia, amenipa mgongo, anatazama skrini. Onyesho zima hakuwahi kuniona mimi; aliona vijiti vya kijani ambavyo kihisi hunichora. Nilipomsomea habari ya mjomba wako alibisha kama saa moja, akasema yeye si mpiga ngoma, yeye ni fundi. Kesho yake akaja na kidhibiti cha michezo, kile cha kushika kwa mikono miwili, amekipata kwa jamaa yuleyule wa Kondele kwa shilingi 600. Kitufe kimoja kinafungua magugu, kingine kinayatawanya, kile kijiti cha kidole gumba kinayaelekeza. Kihisi tumekiachia sehemu za polepole, nikilala na nikiamka. Za kasi anapiga yeye.

Mazoezi ya kwanza ilikuwa balaa. Alibonyeza nikiwa nimeshatua. Ya pili vilevile. Nikamtoa nyuma ya pazia nikamsimamisha kwenye kona ya shela, hatua mbili kutoka kwangu, bila viatu. Hapo alinitazama kwa muda bila kubonyeza chochote, nikadhani amekasirika tena. Akasema, "Wewe huvuta pumzi kabla ya kuruka. Tangu lini?" Nikamwambia tangu darasa la sita. Akasema, "Ruka." Nikaruka, na magugu yakafunguka nikiwa bado hewani.

Tulirudia mara kumi na kitu kwa sababu tulikuwa hatuamini.

Kwa hiyo hatukukopa, wala hatukurekodi video. Tumepima kwa simu kama Waya_Moja alivyosema: tulikuwa fremu 46, baada ya kuinyoosha projekta kwa matofali na kuzima mapambo yake tukashuka hadi 27. Kwa sehemu za polepole zinatosha.

Mzee wangu wa Mnara, kitambaa nimekitoa. Sijafurahi. Nusu ya mwili wangu inaishi juu, na chini najiona kama samaki aliyetupwa mchangani. Mhandisi rafiki wa kaka yangu anachora hiyo miguu ya bomba, tutaona. Moto nimeusahau. Neti nimezirudisha nikaomba radhi nyumba kwa nyumba, na jirani mmoja aliniuliza kama onyesho lilikuwa la kuhamasisha kuhusu malaria. Shela nimekodi mita 30 kwa 1,500 kwa mpambaji wa harusi, sharti isiguse mafuta. Nilijipangusa rangi yote ya mwilini kwa sababu hiyo, na naona hata nilipendeza zaidi.

Jumamosi tuliyopita, saa moja unusu usiku, tukafanya. Mzee wa godauni alikuja na viti tena. Nilimwomba avipange nje, watu wapumzike baadaye, akavipanga kwa safu zilezile zikitazama ukuta mtupu. Vijana wawili wa ngoma waliwachukua watu kutoka barabarani, 38, na kweli walipoingia walikuwa wanatembea tayari, wakaendelea kutembea. Milango miwili, binamu yangu na tochi. Dakika 25 nikacheza. Mwenzangu kwenye kona yake, fulana nyeusi, macho mabegani mwangu. Mama yake alikuwepo na nilimsikia akimnong'oneza mtu kwamba yule ni mwanangu, anapiga hiyo.

Dansi ikaisha, wakapiga makofi, ndipo nikafungua shela. Nyar_Alego, umesema kweli. Wa kwanza kuingia alikuwa mtu wa bodaboda, kofia yake ngumu kichwani. Alisimama katikati bila kusogea. Magugu yakampanda polepole, miguuni, kifuani, mpaka kwenye kofia. Akafungua mikono kidogo tu, yakaachia njia, akaifunga, yakarudi. Kisha wakaingia wengine wanne, kisha wote, na watoto hakuna aliyewashika sikio.

Shida mpya ni kwamba hawatoki. Tulipanga dakika kumi za kuingia. Nusu saa ikapita, saa ikapita, na hatukujua kuwatoa bila kuwa kama askari wa kanjo. Saa tatu na dakika kumi jenereta ikaishiwa mafuta, ikakohoa, ikazima. Binamu akasahau tochi. Na katika lile giza niliwasikia bado wako ndani, wanaburuta miguu taratibu, wanayatafuta magugu kwa mikono.

Waya_Moja, ukikodi jenereta ya ukubwa wa kati, mafuta lita ngapi zinafika saa nne usiku? Tunarudia Ijumaa.